Uchungu Alioumwaga Bibi Nyanzobe

Siku hizi kila jiko hutengeneza dawa yake ya kichocho, na kila jiko huyatangazia majiko yote duniani lilichopata, hata likiharibu. Bibi Nyanzobe ndiye aliyeweza kutenganisha chembe inayoponya na pacha wake, ambaye kazi yake ni uchungu tu. Majiko mengine yakamwiga, na pongezi zikamiminika kwenye kioo cha ukutani ambacho majiko huzungumzia.

Mjukuu wake Milembe, aliyezoea kuitema mpaka ashikwe na watu wawili, safari hii alimeza akitabasamu.

"Bibi, niongeze."

"Dawa haiongezwi, ikizidi ni sumu, mke mwenzangu," Bibi akamtania.

Alasiri akakuta kigoda kimesogezwa chini ya rafu ya dawa. Akamkumbatia mtoto, akaificha chupa, kisha akatangaza: "Wangu anaitaka tena."

Jiko moja likajibu, "Hata wetu." Na jingine. Na jingine.