Nyuzi Nyembamba

Kibwana alipofika dukani kwa fundi wa magitaa, mkewe Kidawa ndiye aliyekuwa amembebea gitaa lake la besi. Kiharusi kilikuwa kimemwachia miguu, lakini vidole vya mkono wa kushoto vilikataa kukandamiza nyuzi, na bendi ilikuwa imeshaanza kumjaribu mpigaji mwingine.

"Tuweke nyembamba," fundi Songoro alisema. "Hizi nene zinataka nguvu."

"Nyembamba ni za wanaojifunza," Kibwana alijibu. "Mimi watu wananijua kwa mngurumo."

Kidawa alililaza gitaa mezani. "Mfungie, fundi."

Kibwana aligeukia ukutani wakati zile nyuzi nene zikikatwa moja moja, na kila koleo lilipolia alikunja uso. Fundi alifunga nyuzi mpya, akazishusha zikaribie shingo ya gitaa, akachomeka waya kwenye spika na kumpakatisha Kibwana gitaa lake.

Kidole cha shahada kikakandamiza. Sauti ikatoka safi, laini, nyepesi kuliko alivyoizoea.

"Huyu si mimi," alisema, machozi yakimlengalenga.

"Ni wewe," Kidawa alisema. "Nyumbani ulikuwa ukipiga hivyo hivyo, taratibu, watoto wakilala."

Akapiga tena. Kidole cha kati kikafuata. Kisha kile kidogo, ambacho hakikuwa kimejongea tangu augue, kikainuka chenyewe na kubaki kikitetemeka juu ya uzi.