Jumuiya Yaja Kumwona Mgonjwa

Siku hizi jumuiya inamruhusu kila Mkristo kutuma mashine yenye sauti yake badala ya kwenda mwenyewe. Alhamisi zilikuja mashine tisa kwa Leokadia, zikazunguka kitanda cha mumewe aliyepooza, zikaimba vizuri kabisa.

"Nisaidieni kumgeuza," alisema Leokadia. "Mgongo umejaa vidonda."

"Tunakuombea, mama," ilijibu mashine ya mwenyekiti, Pankrasi.

"Kuombewa nimesikia. Shika miguu!"

Haikuwa na mikono.

Ng'ambo ya ua, Pankrasi mwenyewe alikuwa akitazama mpira na kucheka. Leokadia alisukuma dirisha kwa hasira, akapaza sauti: "Pankrasi! Njoo umshike mwenzako!"

Kicheko kikakatika. Hakuna aliyetokea. Nyuma ya Leokadia mashine ya Pankrasi ikasema kwa upole, "Nipo hapa, mama."