Mama wa Dirishani

Alisubiri mpaka hatua za mumewe ziishe ngazini, ndipo akaitoa redio kabatini.

Redio ile haikuwashwa kamwe mumewe akiwa ndani. Kwa kweli hakuna kilichosikika mumewe akiwa ndani. Nyumba yao iliendeshwa kwa vitu, si kwa maneno. Kifungo kikikatika, shati liliachwa juu ya kiti. Gesi ikiisha, mtungi ulisogezwa mlangoni. Kikombe kilichofunikwa kwa kisosi maana yake nimeshiba. Majirani wa chini waliwasifu: wanandoa wasiojua kugombana.

Alifagia, akaosha vyombo, akatandika vitanda viwili. Kipindi kilipoanza alivuta kiti hadi dirishani, akafunika simu kwa kitambaa ili sauti yake izame kidogo, akaomba: "Ee Mwenyezi Mungu, na leo ishike."

"Habari ya mjini leo ni daraja," alisema mtangazaji. Huyu alikuwa mtu wa vicheko. Hata tangazo la msiba akilisoma, ungedhani amekushika mkono. "Daraja letu la mbao, la waenda kwa miguu. Halmashauri inasema kila ubao umeshabadilishwa, kila msumari. Kwa hiyo wanataka kung'oa kibao chenye majina ya waliolijenga, eti daraja lao halipo tena. Nawauliza wasikilizaji: ni daraja lilelile, au ni jingine?"

Wa kwanza kupiga alikuwa kinyozi. "Mimi meno yangu yote ni ya bandia," alisema. "Mke wangu hajawahi kuuliza bwana wake wa kwanza alikwenda wapi."

"Labda hajakutazama vizuri, ndugu yangu."

Mtangazaji alicheka, na pale dirishani mwanamke naye akacheka peke yake. Kicheko kiligonga ukuta kikamrudia, akakinyamazisha.

Kisha simu yake ikashika.

"Nani mwenzangu?"

"Mama wa Dirishani."

"Aa, mama yangu. Nilidhani leo umenitupa. Punguza redio, tunajisikia mara mbili."

Akapunguza. "Daraja ni lilelile," alisema. "Mbao zilibadilishwa mojamoja, watu wakiendelea kuvuka. Hakuna siku lilikosa mtu. Lakini wangelifunga miaka mitatu bila kugusa hata msumari, hilo ndilo lingekuwa jingine."

"Kwa hiyo daraja si mbao. Daraja ni kuvuka."

"Umelisema vizuri kuliko mimi."

"Basi nikuchokoze, mama. Daraja ambalo mbao zake ni zilezile, limesimama imara, ila hakuna anayevuka. Hilo tuliite nini?"

Alitazama vikombe viwili vilivyokuwa vikikauka, kila kimoja upande wake wa sinki.

"Hilo liko kwangu," alisema.

"Mama?"

"Mimi na mzee wangu hatusemezani. Tangu tulipomzika binti yetu. Siku ile nilimwambia neno, naye akaniambia neno. Ni maneno mawili tu, lakini yamekaa sebuleni kama wageni wasiojua kuaga."

Redio ilikaa kimya. Kimya kilirefuka kuliko redio inavyoruhusiwa kukaa kimya.

"Na wewe," mtangazaji alisema hatimaye, na kicheko hakikuwamo tena, "kwa nini usianze?"

"Kila siku namwomba Mungu anipe neno la kwanza. Ananipa la pili tu. La kujibu."

"Labda na yeye anapewa hilohilo."

"Labda."

"Sasa nikuulize, mama, na mji wote unasikiliza, usinijibu kwa adabu. Yeye akianza, utaitika?"

Mkono wake ulipanda wenyewe, ukakiondoa kitambaa juu ya simu. Aliongea kwa sauti yake kamili, sauti ambayo alikuwa hajaitumia ndani ya nyumba ile kwa muda mrefu hata ikamkwaruza koo.

"Nitaitika," alisema.

Likaingia tangazo la sabuni. Watoto waliimba kuhusu mashati meupe. Tangazo lilipokwisha mtangazaji hakurudi. Ulipigwa muziki, wimbo juu ya wimbo, mpaka kipindi kikaisha. Kuhusu daraja, hakuna aliyeambiwa lolote zaidi.

Kutwa nzima moyo haukumkaa. Maji yakimwagika hayazoleki. Alipika, akaonja, akasahau kama ametia chumvi, akaonja tena. Jioni mumewe angeingia na uso gani? Akiingia kimya leo, aliwaza, basi ndiyo basi. Hakutabaki tena asubuhi ya kungojea. Alipiga magoti kando ya jiko, lakini sala haikuja. Alikaa tu pale sakafuni mikono imefumbatana, akisikiliza sufuria ikitokota, na mlango wa jirani ukifunguliwa, na watu wakisalimiana kama vile kusalimiana ni kitu rahisi.

Giza lilipoanza kuingia, hatua zilipanda ngazi. Zilifika mlangoni zikakoma.

Alisimama katikati ya sebule, mwiko mkononi, akingoja ufunguo uzunguke. Haukuzunguka. Alisikia mtu akivuta pumzi nje.

Kisha mumewe, akiwa amesimama mbele ya mlango wa nyumba yake mwenyewe, kwa sauti ileile iliyouliza mji mzima habari za daraja, akasema:

"Hodi."