Mjumbe Aliyegoma

Walimbeba juujuu kabla hajafunga mlango wa gari. Ilikuwa siku ya mwisho ya kiwanda cha kusindika nyanya, na watu waliokuwa wakipoteza kazi walikuwa wakimshangilia yeye.

"Huyu ndiye!" alipaza sauti mama mmoja wa kitengo cha makopo. "Kati ya wajumbe wote, peke yake aligoma kusaini!"

Mjumbe alitabasamu kama mtu anayeumwa jino.

Wizara ilikuwa imempeleka ng'ambo kujadili ushuru wa forodha. Siku tisa alibishana. Aliwaambia wenyeji kwamba wakulima wao wanabebwa na ruzuku ya serikali, wa kwake wanabebwa na mvua. Siku ya kumi wakamjibu kwa upole: ondoeni ushuru kwenye nyanya zetu za kopo, la sivyo maharage yenu hayashuki bandarini kwetu. Akatia saini.

Haukupita mwaka, kopo la ng'ambo likawa rahisi kuliko nyanya mbichi za kulijaza.

"Mteremsheni jamani, mtu mwenyewe mifupa mitupu, mtamvunja!"

Alikuwa dada yake mkubwa, msimamizi wa matangi ya kuchemshia. Miaka kumi na tisa alikuwa amesimama kwenye mvuke ule, na kwa jasho hilo mdogo wake akasoma hadi chuo kikuu.

Watu wakacheka, wakamshusha. Fundi wa boila, mzee aliyebakiza miezi mitatu astaafu, akamkumbatia.

"Tumeshindwa, mwanangu. Lakini hatukuuzwa na mtu wetu. Hilo tu linanipa usingizi."

Kisha mzee akaenda kuzima boila. Mvuke ukapiga mluzi mrefu, ukafifia. Kwa mara ya kwanza watu wakasikia nzi ndani ya jengo lile. Mama wa makopo alijifunika uso kwa kofia yake ya kazi.

Mjumbe hakuweza kuvumilia. "Ndugu zangu, kuna jambo…"

"Atasema siku nyingine," dada alimkata, akimvuta mkono. "Kasafiri kutwa, hata maji hajanywa."

Nyumbani alimwekea sahani, akakaa upande wa pili wa meza. Mjumbe hakugusa kitu.

"Dada, sikugoma."

Dada alimmiminia maji kwenye kikombe.

"Saini ni yangu. Wale watu wananibeba mabegani, kumbe mimi ndiye niliyewafungia kiwanda. Nimekufungia hata wewe, uliyenisomesha." Machozi yalimlengalenga. "Nirudishe pale kesho nikawaambie. Wakitaka kunipiga, wanipige."

"Kula kwanza. Chakula kinapoa."

"Hunisikii?"

"Nakusikia."

"Kitu kimoja tu nilikipata kule, tena kwa kupiga magoti. Niliwaombea siku thelathini. Kiwanda chochote kikiandika barua ya kupinga, ushuru unabaki palepale mpaka kisikilizwe. Nilituma taarifa hapa siku hiyohiyo. Kila asubuhi nilikuwa naulizia barua yenu pale wizarani. Siku ya ishirini na tisa niliulizia mara nne." Akamtazama. "Kwa nini hamkuandika, dada? Au taarifa haikufika?"

Dada aliisogeza sahani karibu na mdogo wake, akapangusa meza mahali palipokuwa pasafi tayari.

"Ilifika. Meneja alikuwa likizo, nikaipokea mimi. Nilipoona jina lako pale chini, kati ya waliosaini, niliitupa kwenye moto wa boila. Halafu nikaenda kuwaambia kwamba umegoma."