Nusu Kikombe

Kila Jumamosi, watu waliokuwa wakijaribu kuacha pombe walikutana na jamaa zao katika chumba kilicho nyuma ya kanisa. Bibi Kezia ndiye aliyewagawia chai. Wale ambao mikono yao ilikuwa bado inatetemeka aliwamiminia nusu kikombe, wasije wakajimwagia mbele za watu. Wengine aliwajazia.

Perusi aliketi karibu na mwanawe, Yoramu. Tangu mavuno, kikombe cha Yoramu kilikuwa kikijazwa, na Perusi hakuchoka kukitazama.

"Shikamoo, bibi," Yoramu alisema. "Leo nijazie mpaka juu, nina kiu kama ng'ombe."

"Marahaba, mjukuu wangu. Ng'ombe si wanakunywa mtoni?"

Watu wakacheka. Bibi Kezia akainamisha birika, akaitazama mikono iliyoshika kikombe, akaacha kumimina katikati. Alimshika tu begani kidogo.

Perusi aliona. Kicheko kikamkauka mdomoni.

"Umerudia lini, mwanangu?" alinong'ona.

"Kunywa chai, mama. Inapoa."

Bibi Kezia alikuwa amemjazia Perusi kikombe mpaka juu, kama siku zote. Perusi alikiinua kwa mikono miwili, na chai ikaanza kumwagikia gauni lake la kanisani. Hakuweza kukituliza. Yoramu akanyoosha mkono amsaidie kukishika, na kikombe kikazidi kutetemeka.