Jina la Mkwe

"Kilichowazuia kupata matibabu ni umbali, mama, au nauli?" karani wa utafiti aliuliza, kalamu ikielea juu ya visanduku vya fomu.

"Si kimojawapo, mwanangu. Tulifika mapema," Takame alijibu. "Baba mkwe alikuwa amezimia, nao zahanatini wakadai jina lake kwanza. Hapa kwetu Enga ni mwiko mkamwana kulitamka jina la mkwe. Nilipomleta jirani alitaje, mzee alikuwa ameshapoa."

"Si ungelisema tu!"

"Nawe ungemvua mkweo nguo hadharani?"

Karani akatafuta kisanduku cha jambo hilo, asikione. "Haya, nitajie jina la marehemu."

Takame akauma ukingo wa mkoba wake wa nyuzi hadi uzi ukakatika mdomoni.

"Bila jina hahesabiwi, mama." Karani akaikunja fomu. "Anayefuata!"