Mizizi ya Mbigiri

Igoki alikuwa ameketi kizingitini akichomoa miiba ya mbigiri kwenye kandambili zake, kama alivyofanya kila asubuhi tangu arudi nyumbani, wakati kikombe cha chai kilipowekwa kando yake. Aliinua macho. Aliyekileta alikuwa Mutegi.

Kaka yake hakuwa amemsemesha tangu wamzike baba yao.

"Kunywa ikiwa moto," alisema. "Halafu tuongee juu ya hizi mbigiri."

Nyasi za mbele ya nyumba, ambazo baba yao alizitunza mpaka wageni wa kanisa wakazikanyaga bila viatu, zilikuwa zimemezwa na miiba. Kiangazi kilikuwa kimekausha kila kitu hapo nje ya mji wa Embu isipokuwa mbigiri. Mutegi alisema saveya angekuja Ijumaa kuwagawia kiwanja. Angepimaje mahali asipoweza kukanyaga?

Igoki alikubali kabla hajamaliza chai. Ndoa yake ilikuwa imevunjika, na upande wa chini wa kiwanja, wenye mti wa mkadamia, ndio baba aliomwachia ajenge vyumba viwili aishi na binti yake, Mukami. Hakuwa na pengine pa kwenda. Baba alikuwa amemwambia kwa simu, kikohozi kikimkatiza: nimekuwekea alama katikati ya nyasi, mzee Njura ndiye shahidi, na Mutegi anaijua.

"Alama yenyewe iko wapi?" Igoki aliuliza, jembe mkononi.

"Iko chini ya mbigiri. Ukizimaliza hutasumbuka kuitafuta."

Kwa hiyo alilima polepole, akitarajia kugonga jiwe na akiogopa kulisogeza. Kwao hata mtoto anajua kwamba anayeng'oa mpaka kwa mkono wake mwenyewe hasikilizwi tena na wazee.

Hakugonga jiwe. Alikuta vitu kama vitunguu, vikubwa kama ngumi, vimelala ardhini chini ya majani yaliyonyauka. Igoki alikulia shule za bweni, kisha akaolewa mbali. Mambo ya shamba hakuyajua sana. Alimwita Mutegi aje aone. Mutegi hakushuka kutoka barazani. Alisema hiyo ndiyo mizizi ya mbigiri, na mtu akiiacha, mvua ya kwanza tu zinarudi na ndugu zao wote.

Igoki alicheka. Ulikuwa umepita muda mrefu tangu kaka yake amtanie.

Baadaye alisimama kunyoosha mgongo, akatazama mashimo yake. Yalianzia pembe ya jikoni yakaelekea kwenye mkadamia, yamenyooka kama yamefuata kamba.

"Mbona vimepangana hivi?"

"Vinafuata bomba la zamani. Mbigiri inapenda maji kuliko wewe unavyopenda chai."

Winrose, mke wa Mutegi, alimletea maji ya kunywa. Aliokota kitunguu kimoja, akakipangusa udongo kwa kidole gumba, akakitazama.

"Mama Mukami," alianza.

Mutegi akamwita ndani. Winrose hakutoka tena.

Jioni, majirani walipokuwa wakirudi kutoka kupeleka maziwa, Mutegi aliwasimamisha langoni na kuwakaribisha waone dada yake asivyoogopa jembe. Mama mmoja alisema aliyemwacha mwanamke kama huyu sasa analala njaa, wakacheka wote, Igoki naye akacheka huku akijifuta jasho. Mutegi akampiga picha kwa simu, amepiga magoti, kitunguu mkononi. Alimwomba akiinue juu kidogo. Igoki alikiinua, akatabasamu, akamwambia asisahau kumtumia hiyo picha. Alitaka Mukami aione.

Kisha Mutegi akampa kiberiti. Igoki alichoma miiba na vitunguu pamoja, akalala usingizi mzuri, viganja vikimwasha.

Ijumaa nyasi zilikuwa safi. Igoki alivaa gauni lake la kanisani. Saveya alisimamisha kifaa chake cha miguu mitatu, na mzee Njura, rafiki wa marehemu, akaingia akiegemea fimbo. Alimshika Igoki mkono kwa upole, akamwambia baba yake angefurahi leo.

Kisha akaanza kutembea. Alitoka pembe ya jikoni, macho chini, akafika kwenye mkadamia. Akarudi. Akasimama katikati, akachokora udongo kwa fimbo.

"Yale maua ya mpaka," alisema. "Mimi na baba yenu tuliyapanda hapa, kutoka jikoni mpaka mkadamia. Kiangazi hulala, lakini vitunguu vyake havifi. Viko wapi?"

Igoki alitazama rundo la majivu.

Mutegi alitoa simu mfukoni, akafungua ile picha, akaiweka simu mkononi mwa mzee.

Mzee Njura aliisogeza karibu na macho, akaitazama sana. Kisha akatazama viganja vya Igoki, vilivyojaa malengelenge. Alirudisha simu. Alivaa kofia, akamwambia saveya akunje vifaa vyake kwa kuwa hapakuwa na mpaka wa kupimwa, akaondoka bila kumuaga binti wa rafiki yake.

Pazia la dirisha la Winrose likafungwa.

"Mutegi," Igoki alisema. "Mbona hukuniambia?"

Mutegi alirudisha simu mfukoni kwa mikono isiyokuwa na hata mkwaruzo.

"Ningekuambia, ungeyang'oa?"